Waipa zikigoma, si lazima mota iwe imeungua

Madereva wengi wa magari ya zamani nchini Uganda huamini kwamba waipa zikigoma mvua inaponyesha, mota imeungua. Huenda ikawa hivyo, lakini hitilafu yaweza kuwa kwenye fyuzi au swichi ya kando ya usukani, ambayo vibati vyake vya ndani huchakaa na kushika kutu kwa miaka ya matumizi. Waipa zikishtuka unapotikisa mkono wa swichi, shuku swichi hiyo kwanza.

Kabla ya kununua mota, kagua fyuzi, kisha mwombe fundi apime kwa mita ya umeme kwenye plagi ya mota huku swichi imewashwa: ikisoma takriban volti 12 na mota haizunguki, huenda mota yenyewe au waya wake wa ardhi ndiyo mbovu; isiposoma kitu, kosa liko kabla ya mota, kwenye fyuzi, swichi au nyaya. Ukibadilisha swichi, nyaya za betri zifunguliwe kwanza.