Dawa lengwa za saratani ya umio: maswali kutoka Tanga

Shikamoo daktari. Baba yetu, hapa Ngamiani, alianza kukwamwa na bada (ugali wa muhogo), akahamia wali laini, sasa anameza uji tu. Amepigwa kamera, na majibu ya kinyama kilichokatwa humo yanasema ni saratani ya umio, aina ya skwamasi. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anataka kumtumia trastuzumabu. Tukubali?

Marahaba, poleni sana. Hapana, msikubali. Dawa hiyo hushika protini iitwayo HER2, ambayo baadhi ya saratani huwa nayo kwa wingi juu ya seli zake na huitumia kujikuza. Isipokuwepo, dawa haina pa kushika. Imethibitishwa kwa saratani ya seli za tezi, ile inayoanzia chini karibu na tumbo, na hiyo ndiyo iliyozagaa Uingereza. Huku Afrika Mashariki tunaiona zaidi hii ya baba, ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani wa umio. Ndugu yenu ana nia njema, ila anatazama ugonjwa wa kule.

Hakuna nyingine inayomfaa?

Ramusirumabu, inayouzuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu, nayo ni ya aina ya tezi. Kwa skwamasi zinatumika pembrolizumabu na nivolumabu. Hizi haziupigi uvimbe moja kwa moja, zinaiamsha kinga ya mwili iutambue. Kabla ya kuanza, mara nyingi kinyama hupimwa PD-L1, protini ambayo saratani huitumia kujificha kinga. Bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi, na wengi hupewa pamoja na kemo (dawa za kuua seli za saratani), msidhani zinaifuta.

Si afadhali, maana hazina madhara?

Yapo. Kinga ikiamshwa kupita kiasi huweza kushambulia mapafu, ini, utumbo au tezi ya shingo. Kikohozi kipya au kuharisha kusikoisha, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Basi tuanzie wapi?

Kwenye kumeza. Mtu aliyekonda kwa njaa havumilii tiba yoyote, na hili familia nyingi huliacha nyuma zikihangaikia dawa. Ombeni rufaa pale Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Umio unaweza kuwekewa stenti, mrija wa waya unaoishikilia njia wazi, na uji ukapita siku hiyo hiyo. Mionzi inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mkisafiri, bebeni karatasi ya majibu, na muulize maabara kuhusu kile kibonge cha nta kilichohifadhi kinyama. Kikipotea, kupima PD-L1 huenda kukamlazimu mzee kupigwa kamera upya.