Je, wajua kwa nini plagi ya gari la umeme inagoma kutoka, na kwa nini unatakiwa uisukume ndani kwanza?

Shemeji yangu alinipigia saa kumi na moja alfajiri, ana safari ya Airport, gari limejaa chaji ila waya wa kuchajia hautoki. Usiku umeme ulikatika ukarudi, sasa yeye kabonyeza rimoti, kavuta, kakanyaga bampa kwa mguu kavuta tena, wapi. Nikamwambia shem acha kuvuta, isukume ndani kwanza. Akadhani sijamsikia: "Shem, haitoki, sijasema haiingii!"

Fikiria komeo la mlango wa mbao. Upepo ukiwa unausukuma mlango, komeo linabana, uhangaike nalo vipi halisogei, mpaka uegemeze bega kwenye mlango kidogo ndo linateleza lenyewe. Kwenye gari la umeme ni vilevile kabisa. Magari mengi yanatumia Type 2, ile soketi ya pini saba iliyoanzia Ujerumani kwa kampuni ya Mennekes, au CCS2 ambayo ni hiyohiyo ila imeongezewa pini mbili nene chini kwa ajili ya chaji ya haraka, na kwa zote mbili komeo liko upande wa gari. Ukishachomeka, kimota kidogo kilichojificha pembeni ya soketi kinasukuma kipini kinaingia kwenye kishimo cha plagi, ukitega sikio unasikia "zzt-tak". Ukitaka kutoa kinakirudisha. Sasa kile kimota hakina nguvu ya maana, kimetengenezwa kusogeza kipini kilicho huru, sio kilichobanwa, na kinachokibana mara nyingi ni wewe mwenyewe unavyovuta, plus uzito wa waya unaoning'inia usiku kucha ukiivuta plagi kwenda chini. Waya wa chaja ya haraka ndo mzito zaidi, watu wengi wanaushika kwa mikono miwili.

Utauliza, kwani komeo la nini hasa? Kuzuia wizi ni sababu moja, waya una shaba ya maana ndani na Ulaya watu wanatembea na waya zao wanazichomeka barabarani. Ila kubwa ni cheche. Umeme wa AC wa nyumbani, ule unaogeuza mwelekeo kila mara, wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ikitokea inapata nafasi ya kuzimika, lakini chaji ya haraka ni DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, volti 400 hivi na magari mengine mpaka 800, na DC haipiti sifuri, ukichomoa ikiwa inatembea cheche inaweza kuendelea kuwaka inajivuta kama utambi wa moto mbele ya mkono wako. Ndo maana komeo halitakiwi kufunguka mpaka gari na chaja wakubaliane kwamba umeme umekatwa. Hata pini zenyewe zimepangwa kwa akili, ile ya mawasiliano ni fupi ili iachie mwanzo na gari lijue kuna kitu kinatoka, ile ya ethi inaachia mwisho kabisa.

Kwa hiyo ikikugomea, kwanza simamisha chaji, kwenye chaja yenyewe au kwenye simu, usubiri kidogo. Halafu funga milango kwa rimoti uifungue tena hata kama ilikuwa wazi, kwa sababu magari mengi komeo la chaji limeunganishwa na loki za milango, na mengine ukichelewa sekunde kadhaa linajifunga upya. Wakati unabonyeza kufungua, mkono mmoja uunyanyue waya usining'inie na uikandamize plagi ndani, usikie tak, ndo uvute taratibu ikiwa imenyooka. Rudia mara tatu nne bila kukasirika.

Kuna hili wengi hawalijui, komeo na loki za milango haviendeshwi na betri kubwa, vinatumia ile ndogo ya volti 12 kama gari lolote. Ikifa hiyo, unaweza kuwa na betri kubwa imejaa pomoni na plagi isitoke, hapo unatafuta mtu wa kukubusti tu.

Ikishindikana kabisa, magari mengi yana kamba ya dharura ya kurudisha kipini kwa mkono, mengine ndani ya buti nyuma ya plastiki ya pembeni karibu na soketi, mengine chini ya boneti. Tesla Model 3 iko kwenye buti upande wa kushoto. Chaji iwe imezimwa, vuta kamba kwanza, ndo utoe plagi, usifanye vyote kwa pamoja kwa sababu unaweza kupigwa shoti.

Wenye Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani, zenu ni tofauti. Ile soketi ndogo ni Type 1, plagi yake ina ndoano na kitufe cha kidole gumba, mchanga ukiingia kwenye ndoano inakwama. Ile kubwa ni CHAdeMO, ya chaji ya haraka, loki iko kwenye plagi yenyewe, gari halina la kufanya, hapo ni kumpigia mwenye chaja.

Nawaomba sana, msitie bisibisi, msipige nyundo, msimwage mafuta kwenye zile pini. Na ukisikia harufu ya kuungua au plagi ni ya moto kupita kawaida usiilazimishe, plastiki inaweza kuwa imeyeyuka ikashikana, kata umeme kwenye swichi kuu uite fundi.

Shemeji alifanya vile nilivyomwambia, goti chini ya waya, kiganja kinasukuma, rimoti mkono wa pili, nikaisikia ile tak kwenye simu. Jioni alikwenda kununua ndoano ya chuma akaipigilia ukutani usawa wa soketi ya gari, waya unalala hapo, plagi haibebi uzito wowote.