Winga wa miaka 29, mkataba mpya na swali la mjomba

Nikikaa kijiweni hapa Mtwara mjini, wakishajua kazi yangu ni uwakala wa wachezaji, swali ni lile lile: kasaini kwa shilingi ngapi? Hakuna anayeniuliza hiyo hela inalipwa lini. Siwalaumu, maana miaka ya mwanzo na mimi nilikuwa hivo hivo, naangalia namba kubwa ya ukurasa wa kwanza nashangilia, kurasa nyingine napitia kama mtu anayesoma risiti ya dukani.

Imenigharimu hiyo. Nilikuwa na kiungo mmoja, dau la usajili milioni 40, nusu siku ya kusaini na nusu ya pili mkataba ukasema "salio litalipwa kwa makubaliano ya pande zote mbili". Mimi nikaona sawa tu, watu wazima watakubaliana. Jina la klabu silitaji, lakini hayo makubaliano hayajafika mpaka leo, na kila nikipiga simu naambiwa mwenyekiti yuko kikaoni. Yule kijana alikuwa na miaka 21, nikajipa moyo kwamba ana mikataba mingine mitatu minne mbele yake. Mtu wa miaka 29 huna cha kumwambia, huu aliouweka mezani ndo mkataba wake mkubwa wa mwisho, ukiukosea hapa umeukosea moja kwa moja.

Desemba 2025 nikapata kazi ya hivyo. Winga, mzaliwa wa huku kwetu, anacheza klabu kubwa tu, mkataba wake unaisha 30 Juni 2026 na siku hiyo atakuwa anakaribia thelathini. Ligi imesimama kwa ajili ya AFCON, yeye timu ya taifa, Taifa Stars, hajaitwa, akarudi nyumbani, na klabu ikamtumia ofa kwenye WhatsApp. Nikamwambia usijibu chochote hata kidole gumba usiweke, kwanza twende Tandahimba kwa mjomba wako. Kwa wasioijua kusini, kwa Wamakonde mjomba ndo mwenye neno, baba mzazi anaweza kukubali na mama akakubali na jambo likakwama kwa mjomba.

Tukamkuta mzee kavaa msuli, amekaa kwenye turubai anachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, karibu, vuta kigoda."

Nikamsomea ofa. Namba hizi nimezibadilisha ila uwiano ni ule ule: miaka miwili, dau milioni 200, mshahara milioni 10 kwa mwezi. Mzee anasikiliza mikono inaendelea na kazi.

"Hiyo milioni mia mbili, siku anasaini anapewa yote?"

"Hapana mjomba, anapewa sitini, nyingine watapanga."

"Watapanga nani?"

Nikakosa jibu. Mimi mwenye leseni ya FIFA, niliyefanya mtihani wa maswali 20 kwa saa moja nikafeli nikarudia, nimekosa jibu kwa mkulima wa korosho.

"Mwanangu," akasema, "sisi huku malipo ya pili tunayajua. Unaambiwa mzigo umeuzwa, subiri. Unasubiri mpaka unapalilia msimu mwingine."

Winga akadakia, mjomba sitini sio ndogo, nina nyumba yangu pale mjini inataka bati. Mzee akaacha korosho. "Kangomba ndo inaanzaga hivyo. Mtu ana shida ya ada ya mtoto, anachukua hela ya mwezi wa sita kwa korosho ya mwezi wa kumi."

Kama hujui kangomba, ni yule mtu anayekuja kijijini mapema, wewe una njaa na mikorosho ndo kwanza inatoa maua, anakupa kidogo, msimu ukifika anabeba mzigo kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali imeipiga marufuku miaka na miaka. Sasa klabu inayomfuata mchezaji wa miaka 29 na bahasha nono ya siku ya kwanza na ukungu kwenye siku nyingine zote, hiyo ni kangomba ya jezi, na nikaondoka Tandahimba najua nitapigania nini: tarehe.

Tarehe ya kwanza ni Januari 1. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinaruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo kusaini awali na klabu nyingine, na klabu yake haipati hata mia. Kwa mkataba unaoisha Juni 30 hesabu ni nyepesi. Ndo maana ofa ilikuja Desemba na ndo maana meneja wa klabu alikuwa anatupigia kila jioni anasema "tumalize kabla ya sikukuu". Sikukuu gani bana, alikuwa anaikimbia kalenda. Sisi hatukuwa na haraka, ila pia sikutaka kuvuka sana Januari, kwa sababu ukivuka ukiwa na mdomo mkubwa na hakuna klabu nyingine iliyokupigia, wanajua, mpira wa Tanzania hauna siri, na ukiumia goti mwezi wa pili bila mkataba ndo umekwisha kabisa.

Kingine ni miaka, na hapa ndo pana kelele zote. Hoja ya klabu ni moja tu, umri umeenda, miaka miwili ikiisha ana 32 tutamuuza kwa nani? Ni hoja ya kweli, mchezaji wa 23 ni mali inayouzika, wa 30 ni mali inayotumika mpaka iishe. Kubishana nayo ni kupoteza muda. Nilichofanya nilichukua daftari nikaandika dakika zake za misimu mitatu, mechi alizokosa kwa majeraha (chache mno), halafu chini nikawawekea hesabu ya kumpata mbadala: ada kwa klabu anayotoka, dau, mshahara, na kama ni mgeni basi anakula nafasi ya wageni ambayo ina ukomo, halafu miezi sita ya kumuombea azoee. Meneja aliangalia lile daftari muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia mimi usoni.

Watu watakutajia Özil, yule kiungo Mjerumani. Alisaini Arsenal Februari 2018 akiwa na miaka 29, mkataba mpaka 2021, mechi yake ya mwisho akacheza Machi 2020, Oktoba akaachwa nje ya orodha ya ligi, Januari 2021 akaondoka kwenda Fenerbahçe. Viongozi wa klabu wanaisimulia kama hadithi ya kutisha watoto. Mimi nikiwa upande wa mchezaji naisoma kinyume kabisa: mtu hachezi miezi na miezi na mshahara unaingia, maana yake wakala wake aliandika mkataba usiotegemea mood ya kocha. Salah naye, Julai 2022, ndo kwanza katimiza 30, akachukua miaka mitatu Liverpool, na Aprili 2025 akaongezewa miwili. Na wetu Samatta alitua PAOK 2023 akiwa na 30 na msimu huo huo wa 2023/24 akabeba ubingwa wa Ugiriki. Kwa hiyo thelathini sio kaburi, ila hakuna atakayekupa miaka kwa huruma.

Klabu ikaja na "miwili na mmoja". Ukisikia hivyo uliza haraka, huo mmoja ni wa nani? Kama hiari ni ya klabu peke yake wewe umesaini miwili na wao wamesaini mitatu, yaani ukicheza vizuri wanakubakiza kwa mshahara wa zamani, ukicheza vibaya kwaheri. Nikakataa. Wakasema basi mwaka wa tatu ujiwashe wenyewe akicheza mechi 20 msimu wa pili. Inaonekana nzuri eh? Uliza tena, kucheza ni nini? Kuingia dakika ya 89 ni kucheza? Na kocha akiambiwa na ofisi amwache benchi mechi ya 19 na kuendelea? Tukaishia hivi: mechi 18 za mashindano yote, kuanza au kucheza dakika 45 kwenda juu, na zile atakazokosa kwa jeraha alilolipata kazini zihesabiwe nusu. Hicho kipengele kimoja kilikula siku tatu.

Hapa kuna kitu wachezaji wengi hawakijui. Kanuni zina kipindi kinacholindwa, ambacho ukivunja mkataba bila sababu ya haki unaweza kufungiwa kucheza miezi minne juu ya fidia. Ukisaini kabla ya kutimiza miaka 28 ni misimu mitatu au miaka mitatu, ukisaini baada ya 28 ni miwili. Na ukiongeza mkataba saa inaanza upya. Kwa hiyo winga wangu aliyekuwa huru kabisa kwenye hilo, kalamu ikigusa karatasi anarudi sifuri. Hiyo ina bei na niliidai.

Mshahara nitapita haraka ila msipite nyinyi. Milioni 10, ni kabla ya makato au mkononi? Kama ni kabla, toa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki milioni 9, hapo PAYE, kodi ya mshahara, inakula 128,000 ya milioni ya kwanza na asilimia 30 ya milioni 8 zilizobaki, jumla 2,528,000. Mkononi 6,472,000. Winga alikuwa ameshamuahidi mkewe milioni 10. Nilimuona anavyopiga kalkuleta ya simu mara ya pili akidhani nimekosea, halafu ya tatu. Tukaandika "mkononi, baada ya makato yote ya kisheria", maneno saba tu, yana thamani ya zaidi ya milioni tatu kila mwezi.

Vipimo vya afya: rasimu yao ilisema mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo. Hairuhusiwi, FIFA wanasema wazi uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea vipimo wala kibali cha kazi. Pima kwanza, saini baadaye. Wakafuta bila ubishi, nadhani walijua wanajaribu bahati.

Sasa turudi kwenye swali la mjomba. Lile dau tuliligawa mara nne na kila kipande kikapewa tarehe yake, siku, mwezi na mwaka. Hakuna "makubaliano", hakuna "mwanzoni mwa msimu", maana mwanzo wa msimu kwa klabu nyingine ni Novemba. Meneja akauliza kwani humuamini mwenyekiti? Nikamwambia namuamini sana, ndo maana nataka jina lake liwe karibu na tarehe. Tukaongeza kwamba kipande kikichelewa siku 30, vipande vyote vilivyobaki vinadaiwa kwa mkupuo. Kwa mshahara kanuni tayari zinamlinda, miezi miwili haijalipwa unaandika barua unawapa siku 15, wasipolipa unaondoka na sababu ya haki. Lakini barua, jamani. Sio simu, sio ujumbe wa sauti, sio kumlalamikia kocha mazoezini. Nimeona wachezaji wanadai miezi mitano na hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba waliwahi kudai.

Dau tulipunguza, niseme ukweli. Kutoka 200 likashuka 170. Kijana alininunia siku nzima, na kijiweni wakisikia watasema wakala gani huyu anashusha bei ya mteja wake. Ila 170 yenye tarehe nne kwangu ni kubwa kuliko sitini yenye ukungu wa 140. Na mimi mwenyewe asilimia yangu inashuka pamoja nayo, nalipwa kila kipande kinapoingia, sio siku ya kwanza, hilo nililiweka mwenyewe ili mjomba asije akaniita kangomba.

Tulisaini wiki ya kwanza ya Januari. Kipande cha kwanza kikaingia siku ile ile, bati zikapanda. Nikampigia mzee Tandahimba nikamsomea tarehe zilizobaki moja moja, akanisikilizisha anavyoziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala lake, anarudia kwa sauti, tarehe thelathini na moja mwezi wa tano.

Juzi kanipigia asubuhi mapema, nikadhani kuna msiba.

"Mwanangu, hiyo thelathini na moja ya mwezi wa tano ni siku gani?"

Nikafungua kalenda ya simu. Jumapili.