Kadi za kale na kadi za kisasa: thamani hutoka wapi?

Mpwa wangu anauza mitumba sokoni Mtwara mjini. Msimu wa korosho uliopita alifungua belo la makoti (usishangae makoti kwenye joto letu hili, wateja wake wanatoka Newala, kule juu baridi ipo), akakuta mfukoni mwa koti moja kadi kama arobaini zimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Wanaume wenye kofia, wengine wameshika virungu, pembezoni rangi kali kama za kitambaa cha sikukuu. Akanipigia simu papo hapo.

"Shikamoo mjomba. Nyuma zimeandikwa 1990. Hizi si za zamani? Nasikia kadi ya mchezaji inaweza kufika mamilioni ya dola."

"Marahaba. Zilete tuone. Ila bodaboda ya kununua usianze kuitafuta."

Alikuwa ameshaitafuta.

Swali lake lina neno moja linalowapoteza wengi: zamani. Kwa wakusanyaji wa kadi za wachezaji, zamani si sawa na kale. Kadi ya kale, kwa mazoea ya wengi wao, ni iliyochapwa kabla ya 1980 hivi. Zilizofuata huhesabiwa za kisasa, hata kama mwenye nayo ana mvi. Na mstari huo haukuchorwa kwa sababu ya miaka tu. Pande hizo mbili kadi huadimika kwa njia tofauti: ya kale imeadimika kwa ajali, ya kisasa imeadimishwa kwa makusudi. Ukilishika hilo, mengine yanajipanga yenyewe.

Tuanze na ajali. Kadi hizi zilianzia Marekani karne ya 19, ndani ya pakiti za sigara. Kikaratasi kigumu kiliizuia pakiti isipondeke, na picha ya mchezaji wa besiboli ikamvuta mnunuzi. Hakuna aliyefikiri anatengeneza mali. Kati ya 1909 na 1911 ikatoka seti ambayo wakusanyaji wanaiita T206, na ndani yake mchezaji aitwaye Honus Wagner. Kadi yake ilisitishwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wapo wanaosema hakulipwa. Vyovyote vile, zinazojulikana leo ni kama 50 au 60 tu, na mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Sigara zikapisha ubani wa kutafuna. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa seti kubwa, na sehemu yake ya mwisho, yenye kadi namba 311 ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, ilifika madukani msimu ukiwa unaisha, watoto wameshahamia mchezo mwingine. Makasha yakabaki ghalani miaka na miaka. Mwaka 1960 mmoja wa wakubwa wa kampuni, Sy Berger, akayapakia kwenye tishari na kuyamwaga baharini, Atlantiki. Alikuwa anasafisha ghala tu. Agosti 2022 kadi moja ya Mantle wa seti hiyo ilipigwa mnada kwa dola milioni 12.6, bei ambayo wakati huo hakuna kadi ya mchezaji iliyokuwa imewahi kuifikia. Zile zilizosalia nchi kavu nazo zilipukutika kidogo kidogo. Watoto walizibana kwenye spoki za baiskeli ziwalilie kama pikipiki, na mama zao wakazitupa wakifagia. Kila iliyotupwa iliipandisha bei iliyobaki.

Habari za bei zilipoanza kusikika miaka ya 1980, watu wakageuka. Sasa kila mmoja ananunua maboksi na kuyaficha uvunguni ili watoto waje kusomea. Viwanda navyo vikaona soko, vikachapa bila kupumua. Ndiyo maana kadi za kuanzia kama 1986 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni nyingi kama dagaa wa msimu, na karibu zote zimetunzwa vizuri. Kitu kilichofichwa na kila mtu hakiwezi kuadimika. Kadi za mpwa wangu zilikuwa Topps za 1990, seti ya kadi 792, katikati kabisa ya gharika hiyo.

Huku kwetu tungepaswa kulijua hili bila kufundishwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina mamia ya miaka, lakini ziliokotwa nyingi sana pale Kilwa kiasi kwamba ukale peke yake hauzifanyi adimu. Zinazotajwa dunia nzima ni tano tu, zilizookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini mwa Australia. Shaba ni ileile. Zilikookotwa ndiko kulikozipa jina.

Baada ya gharika, viwanda vilijifunza. Vikaanza kutengeneza uhaba vyenyewe. Mwaka 1993 Topps ikatoa toleo la Finest lenye kadi chache zinazong'aa rangi za upinde wa mvua ukizigeuza kwenye mwanga. Baadaye ikaja namba iliyopigwa juu ya kadi yenyewe: 7/25 maana yake zimetengenezwa 25, na hii ni ya saba. Ikaja saini ya mchezaji, ukaja mraba wa kitambaa uliokatwa kwenye jezi. Mwisho wa ngazi ni 1/1, yaani hakuna nyingine. Kadi ya mchezaji wa kikapu LeBron James ya msimu wake wa kwanza, 2003-04, yenye saini na kipande cha jezi, iliyotengenezwa 23 tu, iliuzwa dola milioni 5.2 mwaka 2021. Mwaka 2025 kadi moja yenye Michael Jordan na Kobe Bryant pamoja ikaipita ile ya Mantle, karibu dola milioni 12.9. Hiyo haikuhitaji mama wa mtu afagie. Ilizaliwa adimu.

Mimi binafsi uhaba wa kupangwa huwa sionei raha sana. Ni kama muuza samaki anayeweka wawili mezani na kuficha ndoo nzima chini. Lakini soko halijaniuliza.

Uchache wenyewe hautoshi, lazima awepo anayeitaka kadi, na hapo Mtanzania ana mfano wa nyumbani. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kati ya vijana wapya kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry wa saba. Wote watatu walipata kadi zao za msimu wa kwanza mwaka huohuo, mashine zilezile, karatasi ileile. Siku pakiti zinafunguliwa, kadi ya kijana wetu ilikuwa ya kutamaniwa. Leo ya Curry, ikiwa safi, ni ya maelfu ya dola. Ya Thabeet ninayo, na nauli ya kuileta ilizidi bei yake. Mchezo wa mtu ukiendelea kupaa, kadi inapaa naye. Ukisimama, inasimama. Hii ndiyo hatari kubwa ya kadi za kisasa: unanunua habari ambayo haijaisha. Mantle na Wagner wameshamaliza, takwimu zao hazishuki tena.

Kwa wapenzi wa soka hesabu ni ileile, ila mara nyingi ni stika. Panini ya Modena, Italia, iliyoanza 1961, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970. Stika imeumbwa ibandikwe, na ikibandikwa imekwisha, kwa hiyo isiyobandikwa ndiyo yenye bei. Kadi ya Pelé iliyotoka Sweden mwaka 1958, alipotwaa kombe akiwa na miaka 17, iliuzwa zaidi ya dola milioni 1.3 mwaka 2022.

Halafu kuna hali ya kadi, na hapa mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji mwalimu. Ukipeleka korosho ghalani, mpimaji huchota kiasi, huzikata, hutazama ndani: zimekomaa, zimeoza, zina unyevu gani. Ndipo unaambiwa daraja la kwanza au la pili, na mnadani kila daraja lina bei yake. Kadi nazo zina wapimaji. Kampuni ya PSA, iliyoanza 1991, hutoa alama 1 hadi 10 kwa kutazama kona nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, kisha huifungia kadi kwenye plastiki ngumu. Kadi ya kale yenye 10 ni miujiza, na hata yenye 3 hupata mnunuzi. Ya kisasa hutoka kwenye pakiti na kuingia kwenye mfuko wa plastiki bila kuguswa, hivyo 10 ni nyingi, na 8 yake huonekana kama mgonjwa.

Na penye daraja pana wajanja. Huku mtu hutia mchanga kwenye gunia. Kule wapo wanaokata ukingo uliochakaa ili kona zionekane kali. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya Wagner, ikapewa 8. Mwaka 2013 dalali aliyewahi kuiuza alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo.

Mpwa alipofika tulizitandaza kadi kwenye mkeka, moja baada ya nyingine. Mpira ulikuwa umezing'ata zile za juu na za chini, umeacha alama kama ya meno ukingoni, na unyevu wa bahari ulikuwa umeanza kuzikunja. Nikamwambia tumtafute mtu mmoja tu, Frank Thomas, namba 414. Mtambo ulikosea, nakala chache zikatoka bila jina lake mbele, na hizo pekee katika seti nzima ndizo zinazogombewa kweli.

Tukampata, namba ileile. Mpwa akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani.

"Mjomba, jina lipo."

Koti alikuwa ameshaliuza asubuhi, shilingi elfu tano.