Ruzuku ya kuboresha malezi: maana yake na sababu ya kuwepo

Ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kazi maalumu bila kudaiwa kama deni. Serikali inapoipeleka kwa wanaoendesha vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, au kwa mlezi anayepokea watoto wachache nyumbani kwake, inataka huduma ile iwe bora kuliko ilivyo sasa. Haina riba wala marejesho, ila ina masharti. Atakayeitumia nje ya yale aliyoyaombea anaweza kutakiwa kuirejesha.

Watu wengi huichanganya na ruzuku anayopewa mzazi ili amudu ada. Hiyo ya mzazi humfikisha mtoto mlangoni. Ruzuku ya kuboresha inahusu yale mtoto atakayoyakuta akishaingia.

Kwa nini basi mwenye kituo asiboreshe kwa mapato yake mwenyewe, kama afanyavyo mfanyabiashara mwingine? Jibu lote limo katika hesabu. Fundi akinunua cherehani bora atashona nguo nyingi zaidi kwa siku, na cherehani itajilipa. Mlezi akifunzwa vizuri hapati mikono minne. Nchini Uingereza, kanuni za England zinataka angalau mlezi mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka 2. Maana yake ni kwamba, kituo kikitegemea ada peke yake, mshahara wa mlezi huyo, kodi ya pango, umeme, maji na chakula, vyote vitoke kwenye ada za familia tatu, na aghalabu ni wazazi ambao bado wako mwanzoni mwa maisha ya kazi. Pale kanuni inaporuhusu watoto watano, mwenye kituo anayeamua kwa hiari yake kubaki na watatu amepoteza ada mbili kila mwezi. Katika kazi hii kutenda vema kunagharimu, wala hakurudishi gharama. Pengo hilo ndilo ruzuku inakuja kuliziba.

Tazama tendo moja dogo tu, kubadilisha nepi. Mlezi mwenye watoto watatu anaweza kumwinamia mtoto, akamtazama machoni, akamwambia, "Haya, tunainua mguu huu," kisha akanyamaza kidogo hadi mtoto atoe sauti yake, naye akamjibu. Mlezi mwenye watoto wanane anafuta, anafunga, anamweka chini, anamchukua mwingine, maana wa tatu ameshaanza kulia. Nepi zimebadilishwa kote kuwili, na daftari litaandikwa vilevile. Lakini mtoto wa kwanza amezungumza na mtu, wa pili amehudumiwa tu. Katika miaka mitatu ya mwanzo ubongo unakua kwa kasi kubwa, na mazungumzo ya namna hiyo, ya kupokezana sauti na macho, ni sehemu ya chakula chake.

Fedha yenyewe hutumika kwa mambo mengi: geti la ngazi, vifuniko vya soketi, magodoro yasiyobonyea ya kuwalaza wachanga chali, njia ya mteremko kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, mafunzo ya huduma ya kwanza. Yote yana faida. Ila mimi naona matumizi yenye uzito kuliko yote ni yale yasiyopigwa picha: malipo ya mlezi wa akiba ili wenzake waende mafunzoni, na nyongeza ya mshahara inayomfanya mlezi mzuri asiondoke. Mtoto mchanga hamzoei "mfanyakazi wa kituo". Humzoea mtu mwenye harufu yake na sauti yake. Akibadilishiwa mtu kila baada ya miezi michache, rangi mpya ya ukuta haimfidii.

Marekani ni mfano mzuri wa jinsi jambo hili linavyowekwa kisheria. Tangu 1990 serikali kuu inayagawia majimbo fungu la malezi ya watoto. Sehemu kubwa huenda kuzilipia ada familia zenye kipato kidogo. Baada ya sheria ya fungu hilo kuhuishwa mwaka 2014, kiwango cha lazima kwa ajili ya ubora kilipandishwa hatua kwa hatua hadi asilimia 9 ya fungu, pamoja na asilimia 3 nyingine kwa huduma za watoto wachanga na wanaoanza kutembea. Wakati wa janga la UVIKO-19, mwaka 2021, zikaongezwa dola bilioni 24 za kuwanusuru watoa huduma, na muda wa kuzitumia ulikwisha Septemba 2023. Hizo zilikuwa hasa za kuzuia milango isifungwe: pango, mishahara, vifaa vya usafi. Kunusuru si kuboresha, ingawa kituo kilichofungwa hakina cha kuboreshwa.

Ukikutana na tangazo la ruzuku ya aina hii, usianzie kwenye kiasi. Angalia kwanza fedha inatoka lini. Nyingine hulipwa baada ya kazi, ukishawasilisha risiti, na hapo mlezi mdogo asiye na akiba anakwama kabla hajaanza, ilhali yeye ndiye anayeihitaji zaidi. Angalia kama leseni au usajili ni sharti, na kama mishahara inaruhusiwa au ni vifaa tu. Kisha uliza itakuwaje fungu likiisha. Geti la ngazi litabaki mahali pake. Mlezi wa tatu uliyemwajiri kwa fedha hiyo atasubiri mshahara mwezi unaofuata, kwa hiyo chanzo cha mshahara wake kiandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kuomba.