Dodoso la ung'ang'anizi lisitumike kuchuja vijana wa mkopo

Hizi dodoso za griti na mtazamo kuhusu akili sa hivi zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga, na kuna viongozi wa vikundi wananiuliza kama wazitumie kuchagua vijana wa kuwapa mkopo. Kazi yangu ni upimaji wa kisaikolojia na jibu langu ni hapana, ngoja nieleze.

Griti ni ule ung'ang'anizi wa kushikilia lengo miaka na miaka. Angela Duckworth na wenzake wa Marekani walitoa kipimo chake 2007 kikiwa na maswali 12, 2009 kikafupishwa yakabaki 8, unajipa mwenyewe alama 1 mpaka 5. Nusu ya maswali yanapima juhudi, yaani ukikwama huachi. Nusu nyingine yanapima kama lengo lako halibadiliki, na hapo ndo watu wetu wanaumizwa. Chukua kijana wa Sahare, kaskazi anavua, kusi likichafua bahari anaendesha bodaboda, msimu wa machungwa yuko Muheza anapakia fuso, na wadogo zake wanasoma kwa hela hiyohiyo. Muulize kama huwa anaweka lengo halafu anafuata lingine, atakwambia ndiyo, tena kwa ukweli kabisa, na kipimo kitamshusha. Wakati huyo ndo mtu mwenyewe wa kumkopesha!

2017 mtafiti Marcus Credé na wenzake walijumlisha tafiti nyingi wakaona ile nusu ya juhudi ndo inaendana zaidi na matokeo ya masomo, ile ya pili inaendana kidogo.

Kipimo cha mwanasaikolojia Carol Dweck cha mtazamo kuhusu akili nacho kinauliza kama akili ya mtu ni kiasi fulani tu na hawezi kuibadilisha sana. Hapa kwetu mtu anakubali kwa sababu anaamini Mungu ndo mgawaji, halafu usiku huohuo anakesha na daftari. Kukubali kwake ni imani, si kukata tamaa.

Kuna pia kipimo cha mambo ya kiroho alichotengeneza mtafiti Lynn Underwood, kilichochapishwa 2002, kina maswali 16, mengi yanauliza mara ngapi unahisi uwepo wa Mungu na mambo kama hayo, kuanzia mara nyingi kwa siku mpaka kamwe. Ukikisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe, Ngamiani nzima itajibu mara nyingi kwa siku, sasa utamtofautisha nani na nani? Mpe mtu karatasi ajaze peke yake, bila jina.

Duckworth mwenyewe na mtafiti mwenzake David Yeager waliandika 2015 kwamba vipimo hivi havijafikia kutumika kwenye maamuzi mazito, maana kila mtu anajilinganisha na waliomzunguka. Mvuvi aliyekaa na wavuvi wakali atajiona wa kawaida tu.

Kwa utafiti vitumieni, ila kwanza kaa na watu wachache wakueleze kila swali wamelielewaje. Kwa mkopo, angalia daftari la marejesho yake kwenye kikoba.