Mtoto mwenye usonji si kwamba hataki marafiki

"Huyu hapendi watu, mwacheni." Kauli hii kuhusu mtoto mwenye usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu, ina mizizi mirefu. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 wenye hali hiyo na kutaja kujitenga kama alama yao kuu. Picha hiyo ikaganda. Kumbe wengi wa watoto wenye usonji wanawatamani sana wenzao. Kinachowashinda ni namna ya kuingia mchezoni, hasa kelele zikizidi na kanuni zikibadilika bila kutangazwa.

Ndiyo maana kumtupa tu katikati ya darasa lililojaa "azoee" mara nyingi hakusaidii.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel LeGoff alichapisha njia tofauti: watoto wachache wanajenga kitu kwa Lego, vile vipande vya plastiki vya kuchezea vinavyoshikana, kila mmoja na kazi yake. Mmoja anashika mchoro na kueleza, wa pili anatafuta vipande, wa tatu anajenga. Mwenye mchoro hajengi, kwa hiyo hana budi kusema: "Leta chekundu, kile kirefu." Mjenzi asipoelewa, anauliza. Kisha wanabadilishana kazi. Kumtazama mtu machoni, ambako nadhani tumekupa uzito kupita kiasi, si sharti la mchezo.

Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Basi na watoto wasio na usonji wafundishwe: anayepungapunga mikono huenda amefurahi tu, na asiyejibu upesi asubiriwe.